Chumba cha Mama Mkwe Melini

Mama mkwe wangu alikuja Bariadi kutoka Nkololo kumsaidia mke wangu Minza kulea mapacha. Alisema atakaa miezi miwili, akakaa miaka mitatu. Kulwa na Doto walipoanza chekechea, nikamwambia Minza amuulize mama yake tumfanyie nini kabla hajarudi kwake. Mimi nilitegemea atataja mtamba wa ng'ombe. Jibu likaja kwamba anataka kupanda meli. Hana mtu wa kumwona huko wala haumwi. Anataka kupanda meli tu, afike Bukoba, ageuze.

Niliuliza kupitia kwa Minza kwa sababu ndivyo tunavyoishi. Kwetu sisi Wasukuma, mkwe unamheshimu kwa kukaa naye mbali. Simpi mkono, sili naye sahani moja, simtazami usoni. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, na alipokuja nilimwekea chumba chenye mlango wake wa nje ili tusipishane sebuleni. Kwa hiyo nilipokata tiketi za meli nilitaja vyumba viwili, nikarudia: kimoja chake, kimoja changu na mke wangu. Nilikuwa nimeapa kwamba safari hii itakuwa ya heshima mwanzo mpaka mwisho.

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa stendi ya Bariadi, mapacha tumewaacha kwa jirani. "Mwangaluka, mayu," nikamwamkia mama mkwe kwa Kisukuma, nikiwa nimesimama upande wa pili wa mizigo. Akaitikia huku anakagua kikapu chake. Yeye na Minza wakakaa mbele, mimi nikaenda siti ya nyuma kabisa, kule unakorushwa kila tuta.

Lamadi, wakati kina mama wanatupitishia dagaa madirishani, simu yangu ikaingia ujumbe. "Ndugu mteja, safari yako ya leo imeahirishwa. Tunaomba radhi kwa usumbufu." Hata saa ya kuondoka hawakuandika! Nikapiga huduma kwa wateja. Sauti ikasema bonyeza moja, nikabonyeza. Bonyeza tatu, nikabonyeza. Kisha wakaniwekea muziki. Niliusikiliza muziki ule mpaka Magu, simu ikakatika, nikapiga tena. Jirani yangu akasema, "Kaka, hiyo simu inakumalizia chaji tu." Nikamwambia chaji ninayo.

Saa nne tukashuka Mwanza, na saa tano nilikuwa mbele ya dirisha la tiketi bandarini. Minza na mama yake nikawaacha kwenye benchi kivulini. Dada wa dirishani alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionipandisha hasira. Akaeleza kwamba injini ilikuwa inatengenezwa, meli itaondoka kesho saa tatu asubuhi, na abiria wa siku mbili wameunganishwa. Kisha akatabasamu. "Nyinyi mna bahati. Nimewapatia chumba kimoja cha vitanda vinne, mtakaa watatu."

"Nilikata viwili."

"Ndiyo, lakini nyinyi si familia moja?"

"Dada, yule ni mama mkwe wangu."

"Basi, si ndiyo familia yenyewe."

Nikamweleza. Nikamweleza tena taratibu, kama unavyomweleza mtu bei ya geti ambalo hajaliona. Alinisikiliza mpaka mwisho, maskini, akaangalia kompyuta yake. "Kaka yangu, nimekuelewa. Lakini mfumo hausomi mkwe."

Nikamwambia siondoki hapo. Na sikuondoka. Watu walipita pembeni yangu wakahudumiwa, wengine wakinicheka, mimi nimeshika kaunta. Saa nane akaja msimamizi, mwanaume mnene mwenye sauti ya chini. Naye alikuwa na suluhisho: tungoje meli ya siku tatu zijazo, vyumba viwili vipo, aandike sasa hivi. Nilijiona nimeshinda. Nikachukua kalamu.

Minza akaja. "Mayu anauliza, meli ya kesho inaondoka saa ngapi?"

"Mwambie kesho hatuendi. Tunangoja siku tatu apate chumba chake."

Akaenda benchini, akarudi amebana kicheko. "Anasema yeye anapanda kesho. Wewe baki na chumba."

Dada wa dirishani akainama chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakikuwepo. Nikarudisha kalamu. Nikasema Minza na mama yake wapewe hicho chumba na jina langu litolewe. Mimi nitakaa kwenye mabenchi ya daraja la tatu. "Una tiketi ya daraja la pili," msimamizi akanikumbusha. Nikasema ninajua.

Tukalala nyumba ya wageni mjini, na kesho yake saa tatu na nusu meli ikaachia gati. Nilikaa chini kati ya magunia na watoto waliotapika, shingo imekakamaa, lakini roho imetulia. Nilijua mama mkwe amelala juu kwa heshima zake.

Bukoba tulikaa siku mbili kwenye nyumba ya wageni. Mama mwenye nyumba alitupikia ndizi na samaki, akamuuliza mama mkwe amekuja kufanya nini. "Kupumzika," akajibu, na akaomba aongezewe ndizi.

Ratiba ilikuwa bado imevurugika, hivyo hata kurudi tuliondoka asubuhi. Safari hii vyumba viwili vilikuwepo, na karani akatukabidhi funguo kwa kuomba radhi. Nilitembea kifua mbele.

Karibu saa sita nikapita mbele ya chumba cha mama mkwe. Mlango wazi. Kitanda kimetandikwa vilevile, juu yake mkungu wa ndizi na viatu vyake. Nikamuuliza Minza mama yake yuko wapi.

"Si yuko mbele kwenye sitaha. Hata tulipokuwa tunakwenda hakuingia chumbani. Nililala peke yangu."

Nilikasirika, nakubali. Siku nzima nimegombana, shingo imeniuma siku mbili, kwa ajili ya kitanda cha ndizi! Lakini nilipofika kwenye sitaha hasira ikaisha. Nikaelewa kwamba nilipigania heshima yangu mwenyewe kama mkwe mwema, na nilimpangia mama yule kila kitu bila kumuuliza neno lingine tangu aliposema anataka kupanda meli.

Alikaa miguu peku, uso kwenye upepo, mbele yake maji matupu mpaka mbinguni. Nikasimama mbali, nikatazama ziwa, si yeye. Naye, bila kugeuka, akasema nami moja kwa moja.

"Baba Kulwa, nchi kavu iko wapi?"

"Imebaki nyuma, mayu."

Akanyoosha miguu.

"Ibaki tu," akasema.