Gamba la Jiwe

Enzi za Wadachi nilibeba mizigo pamoja na mjomba kutoka Mpwapwa hadi pwani, na huko mchangani nikaokota gamba la konokono lililokuwa zito kama jiwe. Niliporudi nalo shuleni, mwalimu wetu Mdachi alilipima mkononi, akacheka.

"Umelichonga wewe. Baba yako si mchonga viko vya tumbaku vya mawe? Ungama uongo wako, la sivyo ni viboko."

Sikuwa mtu wa kusema mbele za watu. Ila kwa baba nilijifunza kwamba patasi haifiki mahali pasipo na tundu.

"Siungami, bwana mwalimu," nikasema, nikalipasua gamba vipande viwili kwa nyundo ya shule.

Mizunguko ya gamba iliendelea hadi ndani kabisa, imejaa mchanga uliogeuka jiwe, na humo mlikuwa na magamba mengine madogo kama punje za mtama.

"Na haya niliyachonga kwa mkono gani?"

Aliyainamia, akayachungulia kwa karibu. Kisha akakubali kuwa lilikuwa gamba la kweli, la zamani mno, akanyoosha mkono avichukue vipande vyote viwili. Nilimpa kimoja. Kingine nilikifumbata, nikarudi kukaa.