Mkutano wa Vichwa Vilivyosukwa Nusu

Binti wa kaka yangu, msusi wa nywele, hakuwa mtu wa mikutano. Ukimtajia kamati ya mtaa alipiga miayo mpaka machozi yakamtoka. Leo watu wanamwita mwanaharakati, na juzi walikuja wageni na kinasa sauti kumuuliza ni nini huwasukuma vijana kujitolea kwa ajili ya jamii. Mimi shangazi yake nilikuwa pale. Kilichomsukuma nakijua: ni hasira, na kumpenda baba yake.

Kaka yangu ni fundi viatu. Homa ilimwacha kiziwi zamani, lakini mikono ilimbakia, na kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara kuu. Asubuhi moja lori lilimkosakosa, likaondoka na kofia yake. Jioni hiyohiyo wadogo zetu wa kiume wakaamua kwamba kazi basi, akae ndani. Wala hawakumuuliza. Aliwasoma midomo, akainuka, akaenda kulala bila kula. Sijawahi kumwona kaka yangu mnyonge namna ile.

Binti aliwasihi baba zake wadogo wampe muda, wakakubali shingo upande. Akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba barabara iwekewe matuta ya kupunguza mwendo wa magari. Mwenyekiti, ambaye akianza kusema hajui pa kukomea, alimweleza kwamba ombi la namna hiyo lazima lipitishwe na mkutano wa wakazi, na mkutano haujawahi kutimiza idadi ya watu inayotakiwa tangu ashike kiti. Kisha akamalizia na wimbo wake: vijana wa siku hizi hawajali. Binti alirudi saluni amefura, akachana nywele za mteja kama anayeng'oa magugu.

Mkutano uliofuata ulikuwa Jumamosi, siku ambayo kila msichana wa mtaa anataka kusuka. Akawapokea wote tangu alfajiri, yeye na wenzake. Kila kichwa wakakisuka upande mmoja, wakaacha. Ukiuliza, unajibiwa kwamba upande wa pili utamaliziwa ukumbini. Tulimsema sana, mimi nikiwa wa kwanza, maana hata shangazi mtu hakunisamehe. Lakini utakwenda wapi na kichwa nusu? Tukajifunga vitambaa, tukaelekea ukumbini tukinung'unika njia nzima.

Mwenyekiti alipotuona alipigwa na butwaa. Akasema pale ni mkutanoni, si saluni.

"Mwenyekiti," binti akasema, kitana mkononi, "kanuni inataka wakazi. Haijasema wawe wamemaliza kusuka."

Ukumbi ukaangua kicheko. Katibu akahesabu, akarudia, akakubali: idadi imetimia na kuzidi. Tukaanza kumaliziwa hukohuko, vidole vikienda, masikio yakisikiliza. Wasichana waliofuata nywele zao wakaanza kunyoosha mikono. Mmoja alieleza anavyomvusha mwanawe asubuhi roho mkononi. Mwingine akauliza fedha za barabara huwa zinakwenda wapi, swali ambalo sisi watu wazima tulikuwa tunaliogopa. Ombi likapita bila hata mmoja kupinga. Na wale waliokwisha kusukwa, hakuna aliyeondoka.

Matuta hayakuja kesho yake. Wasichana walikwenda kwa zamu ofisini kwa mhandisi wa barabara mpaka akawa anawatambua kwa sauti. Muda wote huo kaka yangu alivushwa kwa mkono kila asubuhi, amenuna.

Siku matuta yalipokamilika, alikataa kushikwa. Tulisimama kando, binti amenibana mkono mpaka unauma. Lori likaja mbio, likaona tuta, likapunguza, likasimama. Kaka yangu alipofika katikati, akasimama pia. Akainama, akafungua kamba za kiatu, akazifunga upya taratibu, kisha akampungia dereva na kwenda kufungua kibanda chake.

Nilitaka kumgombeza. Badala yake nilipiga vigelegele palepale barabarani, mtu mzima mimi, na sikuona haya.