Bunduki Niliyoipaka Mafuta ya Nazi

Nakumbuka asubuhi moja ya kipupwe, mwanangu Mwanaidi, nilisimama kwenye uwanja wa shabaha nyuma ya Msambweni nikiwa na bunduki nzuri kuliko zote zilizokuwapo pale, na haikulia. Nakusimulia haya kwa sababu jana uliniletea picha ya bunduki kwenye simu. "Shikamoo mjomba. Kibali nimeshapata. Hii je? Tazama nakshi zake!" Marahaba, nimeitazama, na nakshi nimeziona. Sikukujibu upesi kwa kuwa nilikuwa nacheka. Usinune, sikukucheka wewe. Nilikuwa najicheka mwenyewe.

Wakati huo nilikuwa na umri kama wako, natunza bwawa la kuogelea katika hoteli moja ya Diani. Wageni wetu wengine walipenda kupelekwa kwenye uwanja ule kulenga visahani vya udongo. Mchezo wenyewe unaujua: mtambo uliofichwa mbele yako unakirusha kisahani, kinakwenda mbio hewani, nawe huna muda ila wa kuvuta pumzi moja. Hafi mnyama wala ndege. Ukikipata kinageuka vumbi na moyo unakuruka kwa furaha. Miezi mingi niliwabebea wageni mikoba yao, kisha nikaruhusiwa kujaribu kwa bunduki kuukuu ya uwanja, nikaonekana nina jicho.

Mwenye uwanja akatangaza kwamba anataka mwalimu mmoja wa kufundisha wageni. Mtaka kazi awe na kibali na bunduki yake mwenyewe, na siku ya mtihani avunje visahani ishirini katika ishirini na vitano. Nilikuwa naitaka kazi ile mpaka usingizi unanipaa. Mke wangu Mwanajuma alikuwa na mimba yetu ya kwanza, na mshahara wa kuopoa majani bwawani haukuwa wa kulea mtoto.

Kibali nikakipata baada ya nenda rudi nyingi, nikaenda dukani Mombasa. Palikuwa na bunduki mbili za marisau, zile risasi za chembechembe, zilizonifaa kwa mchezo ule. Moja ya mtumba, mitutu miwili iliyopandana, kitako kimekwaruzwa, haina pambo hata moja. Ya pili mpya, ubavuni imechorwa ndege na majani ya rangi ya fedha. Mwenye duka akanipa ile ya pili mikononi, akaniambia, "Hii ndiyo ya mwalimu."

Basi, kichwa kikavimba! Kitako chake kilikuwa kirefu kwangu, kila nilipoipandisha kilinikwama kwapani, nami nikajiambia nitaizoea. Nikatoa akiba yote, mpaka ile tuliyomwekea mtoto. Nilipofika nyumbani Mwanajuma aliitazama, akaniuliza swali moja tu: "Na risasi za kujifunzia, mume wangu, utanunua kwa fedha gani?" Nikamwambia hayo ni mambo ya wanaume. Wewe mwenye kibali chako, nisamehe. Ujinga ule nilikuwa nao, na nilikuwa nao mwingi.

Kweli, risasi zikanishinda. Nilifanya mazoezi mara mbili tu, nikarudi na bega jeusi kwa mapigo. Hata mafuta ya bunduki sikuweza kununua. Na hewa yetu hii ya chumvi unaijua, inakula mpaka bawaba za milango. Nikaona mbona ndani mna chupa ya mafuta ya nazi, masafi, aliyoyapika mama mkwe kwa mkono wake. Yanafaa kwa nywele, yanafaa kwa ngozi ya mtoto mchanga, yatashindwa na chuma? Nikaipaka bunduki yangu kama bibi harusi, nje na ndani, nikayamiminia mpaka kwenye mitambo ya kifyatulio. Iling'aa, mwanangu, ungeipenda.

Wewe umekulia Mwabungo, huna haja ya kuambiwa mafuta ya nazi hufanya nini asubuhi za kipupwe. Huganda chupani mpaka uyaanike juani. Nami nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni, lakini halikunijia kichwani hata chembe.

Siku ya mtihani nikatangulia, asubuhi na mapema, kibaridi bado kipo. Nikapaza sauti, "Rusha!" Kisahani kikaruka, nikavuta kifyatulio. Tik. Basi. Kikaruka cha pili, nikavuta tena. Tik. Watu wakaanza kucheka. Nami kwa haya zilizonishika nikageuka niwaeleze kwamba kosa si langu, bunduki nimeishika vilevile, imefungwa, risasi zimo ndani. Mtutu ukapita kwenye vifua vya watu. Ukafika mpaka kwenye benchi alipokaa Mwanajuma, mkono wake uko juu ya tumbo.

Aliyeniwahi ni Mzee Bakari, msimamizi wa uwanja, mtu mzima ambaye sikuwahi kumwona akikimbia. Aliusukuma mtutu juu mbinguni, kisha akauelekeza uwanjani, akaushikilia hivyo kwa muda, risasi isije ikalia kwa kuchelewa. Alipotosheka aliifungua bunduki, akatoa risasi zangu mbili, akainusa.

"Nazi," akasema. Hakucheka.

Alingoja watu wamalize mtihani na waondoke, ndipo akaniita. "Kazi umeikosa, na hilo dogo. Ungetuulia mama na mtoto kwa kuogopa kuchekwa?"

Nililia, mwanangu. Sikuona haya kulia, niliona haya kwa yale niliyokaribia kuyafanya bila kujua. Aliniacha nikamaliza, kisha akasema kwa upole kidogo. Kabla ya kuja uwanjani alikuwa fundi wa kuchonga mbuzi za kukunia nazi, na maneno yake yalitoka huko.

"Mtu akija kuniagiza mbuzi ya mkewe, humwambia nenda kamlete mwenyewe akae. Nimpime goti, nimwone anavyoinama. Mbuzi isiyo kimo chake humvunja mgongo, hata niichonge maua kila upande. Wewe umenunua kitu cha kukaa begani, na bega lenyewe hukuliuliza. Halafu ukakipa fedha zote, usikiachie hata za mafuta yake."

Juma lililofuata alinisindikiza mwenyewe Mombasa. Ile ya nakshi tukaiuza kwa hasara, na ile ya mtumba bado ilikuwapo, nadhani hakuna aliyeitazama. Mzee Bakari akahakikisha haina kitu ndani, akaniambia nifumbe macho, niielekeze ukutani na niipandishe begani. Nilipofumbua, jicho langu lilikuwa limelala sawasawa juu ya mtutu, bila kuhangaika. Tuliinunua. Iliyobaki ikatosha risasi, mafuta yanayostahili na kabati la chuma lenye kufuli, na akiba ya mtoto nikairudishia kiasi.

Kazi mwaka ule alipewa kijana wa Gazi, nikampa mkono kwa moyo safi. Nikaendelea kupiga visahani kila nilipopata nafasi. Kipupwe kilichofuata walihitaji mwalimu wa pili. Nikavunja ishirini na viwili, mwanangu Salim yuko mgongoni kwa mama yake anashangaa kelele. Nilifundisha pale mpaka nilipostaafu.

Basi sikiliza, Mwanaidi. Ukienda dukani Jumamosi, usiende na picha, nenda na bega lako. Ipandishe ukiwa umefumba macho, na ikiwa haikukaa pake, irudishe hata kama bei yake ni ya bure. Usiionee haya ya mtumba. Ifungue, chungulia ndani ya mtutu kwenye mwanga uone kama kutu imeula, ifunge uitikise usikie kama inacheza, kisha mpelekee fundi anayeaminika. Nyepesi sana itakupiga teke, nzito sana itakuchosha kabla ya kisahani cha kumi. Na fedha zako zisiishie kwenye bunduki, kwa maana atakayekufundisha kulenga ni risasi nyingi na uvumilivu. Ikikataa kulia, ielekeze uwanjani, hesabu taratibu mpaka thelathini, ndipo uifungue. Watakaocheka waache wacheke. Watachoka, watakwenda kula.

Kipaji unacho, nimekuona ukilenga, na nina hakika utatufurahisha. Mwenyezi Mungu akupe jicho tulivu na subira, akuepushe na sifa za wauzaji, na kila atakayesimama karibu nawe uwanjani arudi kwao salama. Amin.