Kiraka cha Baba

Kila asubuhi, kabla hajaligusa lile gari la Pontiac la mwaka 1968, fundi hufuta vidole vyake kimoja kimoja kwa kitambaa chekundu, kama mtu anayekaribishwa mezani. Kisha hugonga bati kwa kifundo cha kidole na kusikiliza ni wapi limeliwa na chumvi inayomwagwa kwenye barabara za Toledo kuyeyusha theluji. Loretta, aliyemletea gari hilo baada ya kumzika baba yake, alizoea kumsikia akiwakejeli mafundi waliotangulia: "Huyu naye alichomelea huku amefumba macho, dada." Kwa hiyo hakuthubutu kumwomba akiache kiraka kilichokuwa ndani ya buti la gari, ambacho baba alikichomelea mwenyewe kikatoka kombo.

Jumamosi Loretta alipokuja kulichukua, gari lilikuwa liking'aa. Alifungua buti, akainua zulia. Kiraka kilikuwa palepale, na ukombo wake, kimesafishwa kutu na kupakwa rangi kwa uangalifu kama mlango wa mbele. Alikipapasa, kisha akamgeukia fundi.

"Mbona hiki hukukikata?"

Fundi alikuwa akifuta vidole.

"Bado kinashika, dada."