Mwalimu Chujio na Kiti cha Kushoto

Wanafunzi wa uhandisi walimwita Chujio, na msidhani jina lilimuudhi. Lilimpendeza mno, alilichukulia kama cheo. Kila mwaka mpya aliingia darasani na shati limenyooshwa utadhani anakwenda kuoa, akawaambia wageni yale yale: "Mtazame aliye kushoto kwako. Mtazame aliye kulia. Kati yenu watatu, mmoja hatamaliza." Kisha akageukia ubao na milinganyo yake, roho kwatu.

Akisimulia nyumbani, mkewe humuuliza, "Hivi mwenzangu, wewe unafundisha au unapepeta mchele?" Naye hucheka, maana alidhani anasifiwa.

Mwaka huu safu ya tatu alikaa binti yake wa pekee, aliyefungua redio ya nyumbani akaitawanya sakafuni kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Kwa huyo, Chujio hakuwa na wasiwasi hata chembe. Majirani walishachoka kusikia "injinia wangu amelala" na "injinia wangu anaoga".

Basi Jumapili moja wako mezani, binti akaweka kijiko chini. "Baba, nataka kuhama. Nakwenda kusoma biashara."

Chujio almanusura apaliwe na chai. "Umefeli?"

"Sijafeli."

"Hesabu zimekushinda?"

"Wala. Ulituambia tutazame kushoto na kulia, nami nikatazama. Wa kushoto alihama, wa kulia akamfuata. Maabara nashika waya peke yangu, napima peke yangu, nikikosea hakuna hata wa kunicheka. Nimechoka, baba."

Mama mtu alimmiminia binti yake chai.

Mzee wa watu chakula kilimshinda. Alijiambia wale wawili waliondoka kwa sababu vichwa vyao vilikuwa vizito, na ili amwonyeshe binti yake hivyo, kesho yake akaenda kumtafuta yule wa kushoto. Alimkuta kwenye ngazi za jengo la biashara, kalamu sikioni, anamweleza mwenzake grafu.

"Shikamoo, mwalimu," msichana akasema, akasimama haraka kama aliyefumaniwa.

"Marahaba. Niambie ukweli, nini kilikushinda?"

"Hakuna, mwalimu. Mtihani wako nilimpita hata binti yako."

"Sasa ulikimbia nini?"

Msichana akatazama viatu vyake. "Ulisema mmoja wetu hatamaliza. Nilijua ni mimi. Nikaona niondoke kabla sijaaibika."

Miaka yote hiyo Chujio alijisifu kwamba anatoa makapi, kumbe alikuwa akimwaga na mchele. Iliuma, na haki yake iume.

"Kiti chako bado kipo," alisema hatimaye, kwa sauti ambayo darasani kwake haijapata kusikika. "Na binti yangu yuko peke yake pale. Nakuomba, mwanangu."

Msichana hakuahidi kitu. Jioni Chujio alipomweleza binti yake yote, bila kujipunguzia, alijibiwa neno moja tu: "Tutaona."

Kipindi kilichofuata binti alikuwa safu ya tatu, mkoba wake kauweka kwenye kiti cha kushoto. Somo lilishaanza, ubao umejaa nusu, mlango ulipofunguliwa taratibu. Chujio, ambaye wachelewaji huwafukuza bila hata kugeuka, aligeuka, akaweka chaki chini, akasubiri mpaka mkoba uondolewe.