Mnyororo Mahali pa Kamba

Kazini wote walimwita Mama Mkufu, ingawa hakuwahi kuvaa mkufu hata wa bandia. Jina lilitoka mtoni. Hatua mia tatu hivi kabla maji hayajafika darajani, mapipa hamsini na mbili ya plastiki yalikuwa yametungwa kwenye waya mnene wa chuma, yakaelea mshazari kutoka ng'ambo hadi upande huu, na watu wakayaita Mkufu. Mafuriko yakileta magogo, Mkufu unayakinga na kuyasukuma pembeni, hadi penye maji yaliyotulia, ambako watu wa zamu wanayavuta kwa ndoano ndefu na kuyatupa nchi kavu. Bila hivyo yanakwenda moja kwa moja kwenye nguzo za daraja, yanakwama, yanakusanya majani na kila uchafu, na maji yakikosa pa kupita yanachimba miguu ya nguzo. Daraja la zamani lilikufa hivyo hivyo. Siku hiyo Mama Mkufu alikuwa bado mfagiaji tu, akasimama na ufagio wake mkononi akililia daraja kama mtu aliyefiwa.

Miaka kumi na tisa imepita tangu hapo, na sasa yeye ndiye msimamizi wa daraja jipya. Na mdomo anao, jamani! Dereva wa lori akizidisha mzigo, anamshusha na kumuuliza kama mama yake anajua aendako. Injinia mwenyewe, bosi wake, humsalimia kwanza ndipo amkosoe.

Mtu mmoja tu Mama Mkufu hakuwa na ubavu wa kumkaripia ipasavyo: mdogo wake, fundi wa kuchomelea. Mama yao alifariki huyu akiwa na miaka minne na dada yake kumi na saba. Dada akambeba mgongoni, akamlisha, akampeleka shule, na shule ilipomshinda akampeleka kwa fundi ajifunze kazi. Leo fundi ana karakana yake nyuma ya kituo cha mafuta, ana mke na watoto wawili, na bado dada akimwita anaacha kazi ya mteja katikati.

"Dada akiniambia nichomelee mto," huwaambia wenzake, "mimi nitauliza tu nianzie wapi."

Wanacheka. Basi balaa lote lilianzia hapo.

Upande wa ng'ambo, Mkufu umefungwa kwenye zege. Upande wa huku umefungwa kwenye kigingi cha chuma, na hapo amri ni moja: ufungwe kwa kamba. Injinia aliieleza siku ya kwanza, kisha akaiandika kwa rangi nyeupe kwenye kigingi chenyewe, KAMBA TU. Maana magogo yakizidi nguvu za watu, unachukua panga na kuikata. Mkufu unaachia upande mmoja, unajilaza kando ya ng'ambo, magogo yanatawanyika na kupita chini ya daraja mojamoja. Ukichelewa yakashikana, kigingi kinang'oka, na kinachoshuka ni waya, mapipa na magogo kwa pamoja. Mzigo huo ukizonga nguzo, hakuna wa kuuondoa.

Lakini kiangazi kile kamba ziliibwa tatu. Ya kwanza ilikutwa imefunga mbuzi. Ya pili ilikutwa ni bembea ya watoto. Ya tatu haikuonekana hata uzi. Mama Mkufu akapandisha hasira, akaenda karakana bila hata salamu.

"Mdogo wangu, kaniwekee mnyororo. Ule mnene. Na pini yake uichomelee kabisa, mwizi akija avunjike meno."

Fundi akakuna kichwa. "Injinia anajua, Dada?"

"Anajua. Wewe choma."

Injinia hakujua. Mama Mkufu alikusudia kumwambia, kweli alikusudia. Wiki ile aliona haya, wiki iliyofuata injinia alikuwa safarini, kisha jua likawaka miezi mitano na mto ukawa wa kuvuka kwa viatu. Kila alipopita penye kigingi aliuona mnyororo, na kila mara alijiambia kesho. Hakusahau, wala nisimsingizie. Aliomba tu mvua isiwe kubwa.

Mvua ikawa kubwa. Ilinyesha milimani siku nne, na siku ya tano, saa mbili asubuhi, mpima maji wa huko juu akapiga simu.

"Mama, maji yamepita alama nyekundu. Na uwanja wa kiwanda cha mbao umesombwa wote. Magogo yako njiani kwako."

"Mangapi?"

"Ningehesabu saa ngapi, Mama? Mto wenyewe hauonekani!"

Mama Mkufu akafunga daraja. Watu wakamlalamikia, huyu ana mtoto shuleni ng'ambo, yule ana mgonjwa, mwingine hana lolote ila kelele. Aliwaacha nyuma ya kizuizi. Alikimbia ukingoni kwa watu wake wawili wa zamu, Kipara na Mrefu, akachukua ndoano ya tatu mwenyewe.

Kwa saa nzima walivuta. Viganja vilichubuka, matope yakafika magotini, mvua ikawapiga usoni. Walitoa gogo moja, yakaja manne. Yalikuwa magogo manene, yamekwisha kukatwa matawi, na nyuma yake ikaja miti mizima na mizizi yake, na paa la banda, na mashina ya migomba yaliyojipenyeza katikati yakaziba kila upenyo. Mapipa yakaanza kuzama. Mkufu ukavimba kuelekea darajani.

"Yamefika pipa la kumi," alisema Mrefu.

Pipa la kumi ndiyo alama. Hapo ni kukata, hakuna kusubiri.

"Kata!" alipiga kelele Mama Mkufu. Ilimtoka kwa mazoea.

Kipara akachomoa panga, akaruka hadi kwenye kigingi, akainua mkono. Mkono ukabaki juu. Akautazama mnyororo, akamgeukia msimamizi wake.

"Nikate nini, Mama?"

Mnyororo haukatwi kwa panga. Wala si Kipara wa kulaumiwa, alikuwa likizo mnyororo ulipowekwa, na tangu arudi ilikuwa bado kiangazi, nani aangalie kigingi? Mama Mkufu alitoa simu kifuani, ikamponyoka, akaiokota kwenye tope. Fundi alipokea mara ya kwanza tu.

"Njoo na grinda. Njoo sasa hivi!"

Hakuuliza kwa nini. Dakika kumi hazijaisha akatokea akisukuma toroli, ndani yake jenereta ndogo na grinda ya kukatia chuma, vyote vimefunikwa nailoni. Alipouona mnyororo ulivyokaza, unalia kama mlango wa zamani, akaelewa kila kitu. Akamtazama dada yake.

"Injinia hakujua."

"Hakujua."

Fundi akainama kuwasha jenereta.

"Nipe mimi hiyo," alisema dada. "Makosa ni yangu, nitakata mwenyewe."

"Umewahi kushika grinda, Dada?"

"Nitajifunza."

"Leo? Kwenye mvua?" Hata alicheka kidogo. "Nifunge kamba, tusipoteze wakati."

Stoo kulikuwa na kamba mpya ya akiba, Mama Mkufu ameifungia kwa kufuli mbili kwa ajili ya wezi wale wale. Aliileta, akamfunga mdogo wake kiunoni, fundo la kwanza, la pili, na la tatu juu yake. Ncha nyingine waliizungusha kwenye mti, Kipara na Mrefu wakaishika.

"Simama upande wa juu. Usikae chini ya mnyororo hata kidogo. Ukikatika—"

"Najua, Dada."

"Hujui! Mimi nimeona waya ukikatika ukaondoka na mguu wa mtu!"

Fundi akapiga magoti nyuma ya kigingi. Mrefu alinyoosha mkono mmoja akakinga jenereta kwa nailoni. Grinda ikalia, cheche zikaruka na kuzimika kwenye mvua. Chuma kile kilikuwa kinene, yeye mwenyewe ndiye aliyechagua kinene, alivyoagizwa. Upande mmoja wa pete ukaisha. Akahamia wa pili.

Hapo Mama Mkufu akauona ufa. Ulikuwa kwenye udongo, hatua mbili nyuma ya mdogo wake, mwembamba kwanza, kisha unaingia vidole, kisha unaingia kiatu. Kigingi kilikuwa kinainama, na kilikuwa kinainama na ukingo mzima, na yule mtoto yuko juu yake amepiga magoti. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na tano, lakini dada yake alimwona mtoto.

"Acha!" alipiga ukelele. "Acha, rudi! Daraja liende! Liende zake!"

Kipara alipigwa na butwaa. Miaka yote ya kazi, hakudhani angemsikia mwanamke huyu akitamka maneno hayo. Hata watu waliojipanga kwenye kizuizi cha daraja, wasiosikia kitu kwa kelele za maji, walimwona akipunga mikono kama aliyepandwa na wazimu.

Fundi alisikia. Aligeuza kichwa, akamwangalia, akatikisa kichwa mara moja, akarudi kwenye chuma. Maisha yake yote alikuwa hajamkatalia dada yake jambo, na alichagua siku ile.

Mnyororo ukakatika kwa mlio wa bunduki. Uliruka mtoni, Mkufu ukachomoka, na ukingo nao ukashuka na kigingi, na jenereta, na fundi.

"Vuta!"

Kamba ilikaza ikachimba gome la mti. Mama Mkufu aliikamata mbele ya wale wanaume wawili, akavuta na ngozi ya viganja ikabaki kambani. Gogo la kwanza likapita. La pili. Kichwa cha fundi kilitokea, kikazama, kikatokea tena, na nyuma yake mti wenye mizizi ulikuwa unajigeuza polepole kuja upande wake. Dada aliita jina la nyumbani, lile la utotoni ambalo hata mkewe halijui. Wakavuta pamoja, mti ukapita ukimkwangua mgongo, na mara magoti yake yakagusa tope.

Kutoka kizuizini zikapanda kelele na vigelegele. Magogo yalikuwa yanapita chini mojamoja, yanagonga hapa na pale na kuendelea na safari, na nguzo zimesimama. Mrefu alianza kuruka. "Limepona, Mama! Angalia, daraja limepona!"

Hakuangalia. Alikuwa amekaa kwenye matope, amemkumbatia mdogo wake aliyekuwa anatapika maji, kifundo cha mkono wake wa kulia kimepinda pasipostahili kupinda, damu inamchuruzika mgongoni.

Injinia alifika akihema, viatu mkononi. Aliuangalia ukingo uliomeguka, akakiona kipande cha mnyororo kilichobaki kwenye kigingi kilicholala nusu majini, na juu yake yale maandishi yake meupe.

"Nani aliweka mnyororo hapa?"

"Mimi, mzee," alisema fundi kwa sauti ya kukwaruza. "Niliona wezi wanasumbua. Nikaweka mwenyewe."

"Mwongo huyo," alisema Mama Mkufu. "Nilimwagiza mimi. Aliniuliza kama unajua, nikamwambia unajua. Nilimdanganya, na wewe nikakuficha."

Injinia akaviweka viatu vyake chini. Hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana ilimuuma.

"Mama, unajua lazima niandike. Na unajua wakisoma watasemaje."

"Andika. Andika na kwamba yeye ndiye aliyeliokoa daraja, mimi nililiachia. Mashahidi ni hawa wawili."

Akafungua funguo za stoo na za kizuizi cha daraja kiunoni mwake, akampa. Miaka kumi na tisa ilikwisha hivyo, na hakuona hata uzito wake. Machela ilikuwa inaletwa. Wabebaji wawili walimwinua fundi, wakamlaza, wakataka kuondoka, ikashindikana. Dada yake alikuwa ameshika kifua cha shati lake kwa mikono yote miwili, mikono iliyojaa damu, na vidole havikufunguka.

"Dada," alimnong'oneza. "Niachie. Shati linachanika."

"Lichanike," alisema, akaenda naye hivyo hivyo, ameshikilia.