Ukurasa wa Nne

Hebu mwone anavyoingia. Mwanamume wa miaka hamsini na minne, shati kachomekea vizuri, amekumbatia boksi la karatasi, anasukuma mlango wa uzio kwa goti kwa sababu mikono haina nafasi. Kwenye mizizi ya kucha zake kuna wino mweusi ambao hata mafuta ya taa yameshindwa kuutoa. Ni mchapaji. Mtaa mzima humwita Herufi, kwa kuwa katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kuiachia herufi moja ipotee. Ukimpelekea kadi ya harusi yenye jina la bibi harusi lililokosewa, hawashi mashine mpaka akupigie simu. Kuna bwana harusi mmoja alipigiwa mara tatu siku moja, mwisho akafoka, "Kwani unaoa wewe au mimi?"

Siku hizo zimepita. Watu wakaanza kualikana kwa simu. Herufi akaona asife na kadi, akachukua mkopo mkubwa, akanunua mashine ya kuchapa madaftari ya shule. Madaftari yakachapwa, yakapelekwa, aliyeyaagiza akawa hapokei simu. Mwezi uliopita waliomkopesha walikuja na kufuli lao, wakalipachika juu ya kufuli lake mlangoni mwa karakana. Sasa hana mbele wala nyuma, na kesho saa tatu asubuhi ana miadi na wakili wa watu waliofilisika.

"Jamani!" Dada yake alimpokea kibarazani. "Karatasi zote hizo, unakwenda kwa wakili au unafungua wizara?"

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Pitisha ndani kabla hujaniangusha na hilo boksi."

Dada huyu ni mkunga mstaafu. Nusu ya vijana wa mtaa walidakwa na mikono yake walipokuwa wanakuja duniani. Nyumba yake ina vyumba viwili na sebule, na kila bati la juu ameliezeka kwa zamu za hospitali. Hana mume, hana kiinua mgongo kilichobaki, ana nyumba. Alikuwa amekwisha kuandaa meza, kaweka stepla na rula, kavaa miwani.

"Huyo wakili wa wasio na hela, analipwa na nani?"

"Siku ya kwanza ni bure, Dada."

"Bure! Hiyo nayo tuiandike. Ndicho kitu pekee ulichopata bure mwaka huu."

Herufi alicheka kidogo. Mfukoni mwa shati, upande wa moyo, alikuwa na karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Hiyo haikuwamo kwenye boksi.

Juzi karani wa wakili alimwambia kwenye simu, taratibu, kama mtu anayemsomea mgonjwa maelekezo ya dawa: "Leta kila kitu, mzee wangu. Usituchagulie. Na kama una mdhamini, mwambie mapema. Wewe ukishatangazwa mufilisi, wanaokudai watamgeukia yeye. Naye atafute wakili wake, sisi tutakuwa wako tu."

Mdhamini alikuwa Dada. Yeye mwenyewe hakujua. Siku ile ya mkopo alipita karakana akitoka sokoni, miwani kaiacha nyumbani, na mdogo wake akamwekea karatasi juu ya meza ya kukatia. "Tia sahihi hapa, Dada. Ni shahidi tu." Dada akatia, akauliza kama kuna maji ya kunywa, akaenda zake. Herufi, ambaye macho yake huona nukta iliyokosekana, alilisoma neno lililochapwa pale chini. Halikuwa "shahidi". Alijiambia kwamba atalipa kabla halijawa na maana.

Basi wakaanza kupanga. Bili za umeme huku, za wino kule, barua za vitisho katikati. Dada alikuwa na mkono mwepesi. Kila rundo alilipigapiga juu ya meza mpaka kingo zikalingana.

"Kesho vaa lile shati la bluu," alisema. "Hili kola imekwisha. Ataona umekwenda kuombaomba."

"Si nimefilisika, Dada?"

"Umefilisika, hukuokotwa." Akalamba kidole, akafungua hati ya mkopo. "Moja. Mbili. Tatu. Tano." Akarudi nyuma. "Tatu, tano. Ya nne iko wapi?"

"Labda imeanguka."

Dada akainama, akachungulia chini ya meza, akanyanyua boksi akalikung'uta. "Wewe! Wewe uliyewahi kurudisha vitabu mia mbili kwa sababu ya ukurasa mmoja!"

Hakuwa anashuku kitu, na hilo ndilo lililomkata Herufi maini. Alikuwa anamtania tu, huku anatafuta kwa bidii, mgongo unamuuma, karatasi itakayoweza kumtoa nyumbani kwake. Herufi alimtazama anavyopekua rundo la bili kwa mara ya pili. Akaingiza vidole mfukoni.

"Hii hapa."

Dada aliikunjua, akainyoosha kwa rula. Aliona sahihi yake kwanza, akatabasamu kidogo, kama mtu aliyekutana na picha yake ya zamani. Kisha akasoma neno lililokuwa juu ya sahihi hiyo. Alisoma taratibu, midomo inacheza.

"Uliniambia shahidi."

"Ndiyo, Dada."

"Hapa pameandikwa mdhamini."

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo.

"Ni kosa la chapa?" Dada aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo, haikuwa ile ya kuamrisha wajawazito. "Mdogo wangu, si hutokea? Wakakosea kuchapa?"

Mlango wa kutorokea ulikuwa wazi kabisa. Neno moja tu, "labda", na pengine wangelala vizuri usiku ule.

"Halijakosewa, Dada. Nililisoma. Nilijua."

Akamweleza yaliyobaki: watamgeukia nani, kwa nini atahitaji wakili wake mwenyewe. Dada hakulia wala hakupiga kelele. Alivua miwani, akatazama juu, kwenye bati. Kisha akaivaa tena, akauweka ukurasa wa nne kati ya wa tatu na wa tano, akapigapiga kingo zikalingana, akapiga stepla.

"Saa tatu, ulisema?"

"Saa tatu."

"Haya. Nenda sasa, kabla sijakumbuka kuwa nilikubeba mgongoni."

Asubuhi Herufi aliwahi. Ofisi ya wakili iko ghorofa ya pili. Kwenye korido kuna benchi moja la mbao na ndoo ya maua ya plastiki. Shati lilikuwa la bluu. Hakuwa amekaa dakika kumi alipozisikia hatua ngazini, akazijua kabla hajamwona mtu.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba."

Akaketi benchi lile lile, akaacha katikati nafasi ya mtu mmoja. Kwapani alikuwa na bahasha yake, mpya, imefungwa kwa gundi. Hakusema ina nini, na Herufi hakuwa na uso wa kuuliza. Inawezekana alikuja kusimama na mdogo wake. Inawezekana pia alikuja kumwambia wakili, mbele yake, jinsi alivyodanganywa, na angekuwa na haki yote.

Mlango ukafunguliwa. Karani akatoa kichwa, akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Mmekuja pamoja?"

Dada aligeuka, akamtazama mdogo wake, akamwachia yeye neno.

Nawe ungekuwa umekaa pale, shati la bluu, wino kwenye kucha, ungejibu nini?